Mstari Nilioruka Katika Barua ya Abdala

Asubuhi ile naikumbuka kwa viganja vyangu kabla ya kitu kingine chochote, mwanangu. Vilikuwa vimechubuka kwa kamba za katani, na bado nilikuwa nafunga. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto mgongoni, na mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu, huku kwetu milimani Kipatimu, palikuwa na mizigo kumi na mmoja imepangwa mstari kama wanafunzi wa paredi. Nikimaliza kufunga mmoja, nahesabu yote. Nikifika wa mwisho, narudi wa kwanza. Chai ilipoa sikuigusa. Lori la kututeremsha Nangurukuru lingeweza kufika wakati wowote, na malori ya siku zile hayakuwa na saa. Yalikuwa na dereva tu, na dereva ana mambo yake.

Nisingekusumbua na habari za zamani, lakini juzi nilikwenda kwa binti yangu Rehema nikakuta mabegi yamejaa ukumbini. Wanakwenda Dodoma, yeye na mumewe, watoto wanne, na mama mkwe wake ambaye magoti yanamsumbua. Basi hadi Dar es Salaam, halafu treni hii mpya ya umeme. Nikahesabu mabegi tisa, bila ndoo ya machungwa. Nikauliza yule mama wa magoti atashikwa na nani wakati wa kuhama kutoka stendi kwenda stesheni. Rehema akacheka: "Mama, siku hizi kuna simu." Lakini tangu siku hiyo sikai, nainuka, nakaa, nainuka tena. Nikiona begi mlangoni mwa mtu anayesafiri na mzee, mwili wangu wote unakuwa kama umesikia honi. Sasa kaa nikueleze kwa nini, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mume wangu Abdala alikuwa kazini Makambako, kule juu kwenye baridi, akifanya kazi ya kukarabati njia ya reli. Alikwenda huko mimi nikiwa na mimba, na mtoto wetu Shamte alikuwa ametimiza miezi saba hajamwona baba yake. Mimi nilibaki na mama yake, Bi Mwajuma, mwanamke mrefu, mkimya, aliyelima shamba la machungwa peke yake tangu alipofiwa na mume. Mwaka ule macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa akimwagia chumvi pembeni ya chungu. Akisalimiwa, anageuza uso kuelekea sauti, si kuelekea mtu. Hakulalamika hata siku moja, ila nilimwona mara nyingi akimleta Shamte karibu kabisa na uso wake, kwenye mwanga wa mlango, akimtazama, halafu akimrudisha mgongoni kwangu bila kusema neno.

Ndipo barua ya Abdala ikaja, kwa mkono wa dereva. Bi Mwajuma hakusoma shule. Mimi nilimaliza darasa la saba. Basi nyumba ile macho ya kusomea yalikuwa yangu. Tukakaa barazani nikamsomea.

Abdala aliandika kwamba daktari wa macho anakuja hospitali ya misheni iliyo karibu na anakokaa, na atakaa siku nne tu. Jina la Mama ameshaliandikisha. Akataja siku ya treni ya kupanda. Akaeleza kwamba tukishuka basi Dar es Salaam tusiende stesheni ya mjini, hiyo ni ya treni za Kigoma na Mwanza. Yetu iko njia ya uwanja wa ndege. Yote hayo nilimsomea, neno kwa neno, na Bi Mwajuma akawa anatikisa kichwa na kurudia polepole, "Njia ya uwanja wa ndege. Njia ya uwanja wa ndege."

Kisha nikafika mstari mwingine. Ulisema hivi: "Somoe, nakuomba sana, kila mtu mzigo mmoja tu. Mtapanda na kushuka mara tano mpaka mfike, na Mama haoni vizuri, kwa hiyo mkono wako mmoja uwe wazi wa kumshika. Cherehani kibaki, nitakifuata mwenyewe nikipata likizo. Mama usimwache peke yake popote, hata kidogo."

Mstari huo niliupita, mwanangu. Niliupita kwa macho, midomo imefumba, nikarukia salamu za mwisho. Bi Mwajuma akauliza, "Ndiyo yote?" Nikamjibu, "Ndiyo yote, Mama, anakusalimia sana."

Utaniuliza, cherehani tu? Ndiyo, cherehani tu. Kilikuwa cha miguu, cha chuma, na marehemu baba yangu alinipa siku ya ndoa yangu mbele ya watu. Hapakuwa na msichana mwingine pale kijijini aliyeolewa na cherehani cha miguu. Na mimi kichwani mwangu nilishafika Makambako. Niliwaona wake za wafanyakazi wa reli wamekaa vibarazani wananitazama huyu wa kutoka Kilwa, mtu wa machungwa na mihogo, halafu wanaona cherehani kinashushwa, wananyamaza. Nilitaka ule unyamavu wao kuliko nilivyotaka kumtii mume wangu. Na ukishafungua mlango kwa kitu kimoja, vingine hupita vyenyewe: nikaongeza gunia la mchele, kiroba cha muhogo mkavu, korosho, tenga la machungwa, mikeka mitatu, godoro, sanduku la bati, masufuria, na hata kinu na mchi wake. Kinu! Kana kwamba Makambako watu hawatwangi.

Bi Mwajuma alipoisikia mizigo ikiburutwa aliuliza mara moja tu, "Somoe, vyote hivi tutaviweza?" Nikamwambia, "Mama, vyote vya lazima." Akaniamini.

Tukateremka. Kutoka kwenye lori kuingia basini pale Nangurukuru nilipanda juu ya keria mwenyewe kuhakikisha cherehani kimefungwa. Tulipofika mto Rufiji, enzi hizo daraja hakuna, abiria mnashuka na kungoja kivuko. Foleni ilikuwa ndefu, tukalala hapo, kesho yake asubuhi ndipo tukavuka. Kila kituo nahesabu mizigo. Kila kituo nasimama na mtoto mgongoni nikitazama juu ya basi, huku Bi Mwajuma akibaki nyuma yangu ameshika ncha ya kanga yangu. Mara mbili niliondoka ghafla ile ncha ikamchomoka mkononi. Nilikuwa nasikia akiita "Somoe?" taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua. Najibu, "Niko hapa, Mama," bila hata kugeuka. Naona jua linapanda, nawaza treni ya saa tisa na nusu, moyo unanipiga, jasho, mtoto analia, na mimi nahesabu. Tisa, kumi, kumi na moja.

Dar es Salaam tulifika saa saba mchana. Nikapata teksi, mzee mmoja mpole anayeendesha gari dogo bovu. Akaitazama ile mizigo, akanitazama mimi, akamtazama Bi Mwajuma.

"Binti," akasema, "hii teksi, si meli."

"Ijaze inavyowezekana, baba. Vitakavyobaki nitavirudia."

"Na mwenyeji wenu huko mnakokwenda hakuwaambia kuhusu mizigo?"

Sikujibu. Bi Mwajuma alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka pale.

Vikaingia vitu saba. Vikabaki cherehani, godoro, kinu, na gunia la mchele, nikamwachia mama mmoja muuza chai pale stendi. Tukaenda stesheni. Jengo kubwa, mwanangu, kubwa kuliko chochote nilichowahi kukiona, na ukumbi wake una mwangwi. Watu wanapita kama siafu, kila mtu na mzigo wake, sauti zinagonga juu zinarudi chini. Nikampeleka Bi Mwajuma kwenye nguzo moja, nikapanga vile vitu saba kumzunguka, nikamkalisha juu ya sanduku la bati.

"Mama, kaa hapa usiinuke. Vilinde hivi. Nakwenda na kurudi sasa hivi."

Akanishika kifundo cha mkono. "Unakwenda wapi?"

"Kufuata vilivyobaki."

Alitaka kusema kitu. Niliona midomo yake ikifunguka. Sikungoja. Nikajichomoa, nikaondoka mbio na mtoto wangu mgongoni, na sikumuuliza hata kama ana kiu.

Kule stendi nikakodi pikapu. Vitu vikapakiwa, tukaondoka, na njiani tukakuta msururu wa magari umesimama kama uliopigwa misumari. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva. Nainama kutazama jua, namuuliza saa ngapi, baada ya muda mfupi namuuliza tena, mpaka akavua saa yake ya mkononi akanipa niishike. Hiyo saa niliitazama ikinila nyama. Tukafika saa tisa kasoro dakika kumi. Nikaona cherehani kinashushwa salama, na nakiri kwako, mwanangu, nilifurahi. Nikapita mlangoni nikitabasamu.

Vile vitu saba vilikuwepo. Sanduku la bati lilikuwepo, na juu yake hapakuwa na mtu.

Pembeni alikaa mama mmoja na watoto wake wawili. Nikamuuliza.

"Yule bibi mrefu? Aliniambia anakwenda haja, akaniomba nimtazamie mizigo. Ni muda sasa, dada. Nilidhani yuko na ninyi."

Haja. Tangu tulipotoka mtoni asubuhi sikuwahi kumuuliza. Mtu mzima, mwenye haya zake, alinyamaza njia nzima ili asinicheleweshe.

Nikakimbilia vyooni, hayupo. Nikapita ukumbi mzima nikitazama kila kanga. Alivaa kanga ya zambarau. Siku ile naapa kila mwanamke wa tatu alikuwa na kanga ya zambarau. Mageti yakafunguliwa, watu wakaanza kuingia kwenye jukwaa la kupandia, nami nikaingia nao, nikapita behewa baada ya behewa nikipaza sauti, "Mama! Bi Mwajuma! Mama Abdala!" Vichwa vikatoka madirishani. Shamte alikuwa analia mpaka sauti imekauka. Mfanyakazi mmoja wa pale akanisimamisha, akanisikiliza kwa upole, akasema watatangaza. Wakatangaza jina lake kwa kipaza sauti. Lakini ule mwangwi, hata mimi mwenye masikio mazima niliambulia nusu.

Filimbi ikapigwa. Yule mama wa watoto wawili alikuwa ameshapanda, akaniita dirishani, "Dada, panda! Panda na mtoto, bibi ataletwa na treni ijayo!"

Nilisimama pale. Mlango wa behewa ulikuwa wazi mbele yangu. Sitakudanganya kwamba sikuwaza. Nilimwona Abdala kwenye jukwaa la Makambako, namwona akimpokea mwanawe kwa mara ya kwanza, halafu nikamwona anachungulia nyuma yangu akitafuta mtu mwingine. Miguu ikakataa. Treni ikaanza kusogea, polepole kwanza, kama inanipa nafasi ya kubadili nia, kisha ikashika kasi, na ukimya ulioachwa nyuma yake sijawahi kuusikia tena mahali popote.

Nilirudi ukumbini. Sikuhesabu mizigo. Nikatoka nje, nikaanza kuuliza mmoja mmoja: walinzi, wauza maji, madereva. Hapo ndipo nilipojua kuuliza, baada ya siku nzima ya kujua kila kitu. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa nilipomwona ng'ambo ya barabara mzee mmoja mfupi ananyanyua mkono kuzuia magari, na mkono wa pili amemshika mwanamke mrefu. Kanga ya zambarau ilikuwa na tope upande mmoja. Goti lilikuwa linatoka damu.

Nilimkimbilia nikamkumbatia. Alinipapasa, akampapasa mtoto kichwani, halafu akauliza, "Treni bado ipo?"

Nikainama kulifuta lile goti damu kwa ncha ya kanga. Akaelewa. Akavuta pumzi ndefu, akasema, "Basi."

Yule mzee aliitwa Mbonde, muuza machungwa pale nje, Mmatumbi wa kwetu kabisa ingawa alihama zamani. Yeye ndiye aliyenieleza, na mengine alinieleza Mama mwenyewe baadaye. Alipotoka chooni alipitia mlango mwingine. Nje mwanga ulimpiga machoni akawa haoni ila vivuli. Kila aliyemuuliza njia alimjibu, "Hapo mbele, bibi," na kumnyooshea kidole. "Wananinyooshea kidole," aliniambia, "na mimi kidole sikioni." Aliona haya kusema haoni. Akaenda alikoelekezwa, akajikuta barabarani, pikipiki ikapita karibu, akaanguka. Akakaa chini pale pale alipoanguka, magari yakipita. Ndipo akasikia, ng'ambo, mtu anagombana na mkewe kwa Kimatumbi kuhusu tenga la machungwa. Akaifuata ile lugha. Akavuka barabara ile kwa kufuata ugomvi wa watu wawili, mwanangu, na Mungu akamvusha.

Treni nyingine ilikuwa baada ya siku tatu. Mzee Mbonde hakutaka hata kusikia neno la kulala stesheni. "Mtu wa kwetu alale sakafuni na mimi nina nyumba?" Akatupeleka kwake Buguruni, sisi na mizigo yetu yote, chumba na ukumbi, mkewe akatupikia, akaliosha lile goti kwa maji ya moto na chumvi.

Kesho yake asubuhi Mzee Mbonde na mkewe walikwenda kwenye machungwa yao. Tukabaki uani, mimi nafua, Bi Mwajuma amekaa juu ya mkeka amenyoosha mguu. Akaniita.

"Somoe. Ile barua unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Nisomee tena."

Nikazidi kuisugua nguo iliyokuwa mkononi.

"Yote," akasema. "Usiruke. Yule mzee wa teksi aliuliza swali wewe hukulijibu. Nami nimekaa usiku kucha nawaza. Abdala nimemzaa mimi. Mwanangu huyo hawezi kueleza stesheni na barabara na siku, akasahau kusema habari za mizigo."

Nikafuta mikono. Nikaifungua. Nikaanza mwanzo, daktari, siku nne, jina limeandikwa, stesheni ya njia ya uwanja wa ndege. Nikafika pale. Akangoja. Nikausoma ule mstari wote, mpaka "Mama usimwache peke yake popote, hata kidogo," na nilipomaliza nilikuwa siyaoni maandishi kwa machozi.

Nilitegemea anitukane. Nilitamani anitukane. Alilipapasa goti lake, kisha akasema:

"Mwanangu, mimi ni mtu ninayepoteza macho. Nimelikubali hilo, ni amri ya Mungu. Lakini nilijiambia, Mwajuma, usihuzunike, nyumbani kuna macho mengine, yana miaka ishirini na yamesoma. Sasa niambie. Jicho likiona shimo, likauficha mguu, mguu umtegemee nani?"

Nikalia. Nikamwambia nitakiacha cherehani pale pale Buguruni, nimpe mke wa Mzee Mbonde, sikitaki tena kukiona.

"Hapana," akasema. "Hicho alikupa baba yako, hakina kosa. Utakwenda nacho. Hivyo vingine vyote wape hawa watu waliotusitiri. Cherehani utakifikisha Makambako, na kila utakapokiinua, kumbuka ulikiinua badala ya nini."

Ndivyo tulivyosafiri. Mizigo mitatu: sanduku, kibegi cha mtoto, na cherehani. Mkono wangu wa kulia haukuachana na wa kwake kutoka Buguruni mpaka tulipokaa kwenye behewa, na hata humo kila alipojigeuza niliuliza, "Mama, unataka kutoka?" mpaka akacheka, akasema, "Sasa umezidi, niache nilale."

Abdala alikuwa jukwaani. Baadaye niliambiwa na wenzake kwamba treni ya kwanza ilipofika bila sisi alipita mabehewa yote mara mbili, na tangu hapo hakula vizuri. Akampokea mama yake, akamchukua mtoto. Akauliza, "Kumetokea nini? Daktari ameondoka jana."

Jana, mwanangu. Siku moja tu.

Kabla sijafungua mdomo, Bi Mwajuma akajibu, "Nilipotea stesheni. Niliambiwa nikae, nikainuka. Utu uzima huu."

Nyuma yetu vijana wa stesheni walikuwa wanateremsha cherehani. Abdala akakitazama. Akanitazama mimi. Akamgeukia mama yake, akamshika mkono, tukaenda nyumbani.

Siku nne niliishi katika nyumba ile kama mtu aliyekalia makaa. Abdala hanigombezi, haniulizi, ananiambia "karibu chakula" na "umelalaje." Wake za jirani walikuja kweli kukitazama cherehani, wakasifu, na kila sifa ilinichoma. Siku ya tano, amerudi kutoka kazini, nikamfuata anakonawia mikono nikamwambia yote, ule mstari, stendi, pikapu, nilivyofurahi kukiona kinashushwa salama. Sikubakiza.

Akamaliza kunawa. Akasema, "Nilijua tangu stesheni. Nilikuwa nangoja useme. Ungenyamaza mwaka, ningengoja mwaka, lakini hapa pasingekuwa nyumbani."

Daktari alirudi baada ya miezi minane. Jicho la kushoto alilifanyia upasuaji, likapona. La kulia akasema limechelewa. Je, angewahi ile mara ya kwanza lingepona? Daktari hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza, na swali hilo bado ninalo. Siku walipomfungua bandeji, Bi Mwajuma alimwita Shamte, aliyekuwa ameshaanza kutembea, akamtazama kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, akasema, "Kumbe ana masikio makubwa ya babu yake, na hamkuniambia." Tukacheka wote. Mimi nilicheka nimegeukia ukutani.

Aliishi miaka mingi na lile jicho moja, na hakuwahi kunitajia habari ile tena, hata tulipokosana kwa mengine. Mkubwa akikusamehe namna hiyo, mwanangu, anakupa mzigo wa heshima, na huo hautuliwi.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na usiiache kwa kuwa imetoka kwa bibi asiyejua kutumia simu yenu vizuri. Ukipewa maagizo ya safari kwa ajili ya watu wote, wasomee wote, na usome mpaka nukta ya mwisho, hasa pale panapokuudhi. Leo ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu mmoja, na huyo mmoja ana uwezo wa kuruka mstari kama nilivyouruka mimi. Usipakie mpaka umejua mtahama wapi na wapi, na ni mkono wa nani utamshika nani. Ukishawapa watu wote mikono, mikono itakayobaki ndiyo ya kubebea mizigo. Isipobaki, mizigo ikae nyumbani, haitalia. Mtaka yote hukosa yote.

Ukihesabu, anza na vichwa. Mzee usimfanye mlinzi wa mabegi. Hakuzeeka ili awe kufuli. Umuulize kuhusu maji na choo kabla hajakwambia, tena umuulize pembeni, kwa adabu, kwa maana wazee wetu wa pwani hii watakufa na haya zao kabla ya kukuchelewesha. Njia usipoijua uliza mapema. Kuuliza si ujinga, nami niliuliza nilipokuwa nimeshapoteza. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usimwache aliyekusitiri abebe kosa lako. Nenda ukaseme mwenyewe, kabla nyumba haijapoa.

Jana nimerudi kwa Rehema. Sikumwambia maneno mengi. Nimemsimulia haya kama nilivyokusimulia wewe, mama mkwe wake akisikiliza. Nilipoondoka mabegi yalikuwa yamefunguliwa, wanatoa vitu. Sijui yatabaki mangapi, na bado moyo haujatulia, hautatulia mpaka nisikie wamefika.

Nawe unayesafiri na watu wako, nenda na amani ya Mola. Akufungulie njia, akuepushe na shari za barabara na za reli, akupe subira kwenye foleni na ulimi wa kweli mbele ya wanaokuamini. Na utakapofika, yule anayekungoja atazame nyuma yako, awaone wote aliowatarajia, asiwe na sababu ya kuuliza, "Mwingine yuko wapi?" Amina.